Sura ya Saba: Jiwe la Kona ya Mchungaji

"Mfungue pingu," alisema Inspekta Jenista Haonga.

Koplo Osea alimtazama mkubwa wake, akautazama mlima, akamtazama tena. "Afande, huyu ni mtuhumiwa wa mauaji, na hapa ni porini. Akitimua mbio, mimi na kitambi hiki nitamkamatia wapi?"

"Siku ya nne leo hajatia kitu tumboni. Huyo hawezi kumkimbia hata kuku. Mfungue."

Pingu zilifunguliwa. Venance alibaki ameiweka mikono mbele vilevile, kama mtu asiye na habari kwamba yuko huru. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mchunga ng'ombe wa familia ya wafugaji waliohamia Msangano. Katika jalada lote la kesi ile hakukuwa na shahidi aliyemshtaki kwa nguvu kuliko alivyojishtaki mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi, saa kumi alasiri, mwanamke aitwaye Mariam alikodi bodaboda pale Tunduma amkimbilie mumewe barabarani. Mumewe, Shaban, dereva wa lori, alikuwa ameanza safari ya Dar es Salaam akasahau dawa zake za kisukari mezani, na simu yake ilikuwa haipatikani. Walipofika kwenye mteremko wanaouita Kona ya Mchungaji, lori wakiwa tayari wanaliona mbele yao, jiwe lilimpiga Mariam kwenye paji la uso. Alifia njiani kabla ya kufikishwa hospitali, mfuko wa dawa ukiwa bado umefungwa kwenye kiganja chake. Lori lilishika njia likaenda zake, dereva hana habari. Na juu ya mlima, upande wa kushoto wa barabara, alikuwepo Venance na ng'ombe wa kupeleka mnadani Mlowo, kombeo mkononi.

Hakukamatwa. Aliteremka mbio, akamwona mama wa watu kwenye damu, akapiga magoti mbele ya kadamnasi akasema, ni mimi. Gari la polisi lingechelewa dakika tano tu, wananchi wangekuwa wameshammaliza.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa ameridhika kabisa. Maelezo ya onyo yapo, kombeo lipo, jiwe lenye damu lipo, na kesho saa tatu asubuhi mtuhumiwa anapandishwa kizimbani. Jenista naye hakuwa na cha kubisha, isipokuwa sentensi moja ya maelezo yale ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kabla ya kuvaa magwanda alijitolea miaka miwili kufundisha fizikia katika sekondari moja kule kwao Igamba, akingoja ajira ambayo haikuja. Ualimu ulikuwa umemtoka, lakini mazoea ya kusahihisha yalikuwa hayajamtoka.

"Rudia ulichoandikisha," alimwambia Venance.

"Nilirusha jiwe, afande. Dume jekundu lilikuwa linashuka kwenye lami, nikataka jiwe limpite mbele limgeuze. Mkono wangu uko bado juu, nikamwona mama anaanguka."

"Bado juu? Hukuwa umeushusha?"

"Ulikuwa juu. Nauona mpaka sasa."

"Haya. Chagua jiwe kama lile ulilorusha."

Venance aliinama, akachambua, akaokota moja la ukubwa wa yai la bata. Chini barabarani, kando ya pikipiki yake, alikuwa amesimama Ashraf, yule mwendesha bodaboda, na kitambaa chekundu mkononi. Alikuwa amesimama palepale pa Jumamosi, penye doa ambalo mchanga haukulifunika vizuri. Jenista alitoa simu akaweka saa ya kuhesabu sekunde.

"Rusha."

Kombeo lilizunguka mara tatu juu ya kichwa, kamba ya katani ikavuma, ncha moja ikaachiwa. Jiwe likapanda, likawa kidoa cheusi angani, likakaa huko juu muda ambao mtu angeweza kuwataja wanawe wote kwa majina, ndipo likaanza kushuka. Vumbi dogo liliruka kwenye nyasi, hatua kumi na tano kabla ya lami. Ashraf akapunga kitambaa.

Sekunde tatu na nukta saba. Mkono wa Venance ulikuwa umeshuka zamani, na alikuwa ameshajifuta jasho.

"Tena."

Alirusha mara tano. Mawe mawili yalifika ukingoni mwa lami, mengine yaliishia kwenye nyasi, na hakuna hata moja lililotumia chini ya sekunde tatu na nusu. Jenista alimwambia ajaribu kulirusha kwa hasira zake zote, liende moja kwa moja bila kupanda. Likaenda moja kwa moja kweli, likajikita kwenye mabua ya mahindi katikati ya mteremko.

"Sasa nisikilize," Jenista alisema. "Jiwe likishatoka kwenye kombeo haliko mikononi mwako tena. Limeshika njia ile ile liliyokuwa nayo lilipoachiwa, na dunia imeanza kulivuta chini hapo hapo. Ukitaka lifike barabarani, sharti lipande kwanza ndipo lishuke. Kupanda na kushuka kunakula sekunde tatu na ushei. Mama alianguka mkono wako uko juu. Jiwe lako lilikuwa wapi?"

Venance aliinua uso akatazama juu.

"Lilikuwa angani. Ulikuwa hujampiga mtu."

"Labda siku ile lilikwenda haraka zaidi."

Jenista alimwashiria Osea. Koplo akatoa kwenye mfuko jiwe jingine, si kielelezo chenyewe, bali mwenzake waliyempima kwenye mizani ya muuza mahindi: kilo mbili kamili, ukubwa wa nazi. "Jiwe lililokutwa na damu lina uzito huu," alisema Jenista. "Lirushe."

Lilikuwa jaribio la kusikitisha kulitazama. Kijana alilipakata jiwe kwenye kombeo, akazungusha mara moja, kamba ikakatika, jiwe likaanguka nyuma yake nusura limponde Osea mguu. Venance alikitazama kipande cha kamba kilichobaki mkononi.

"Afande, unataka kuniambia nini? Mimi nimeshamwambia Mungu kwamba nimeua."

"Basi mwambie asubiri kidogo."

Osea alikuwa bado anaushika mguu wake. "Afande, sawa, tuseme si yeye. Basi ni nani? Jiwe halina mabawa. Na lile jiwe ni figa, wala usijisumbue. Lina masizi huku na huku. Wafugaji walipikia hapa."

Jenista alikifungua kielelezo. Jiwe lilikuwa na umbo la ajabu kidogo: nene chini, likipungua na kuwa na shingo juu. Alipitisha kitambaa cheupe juu ya weusi ule, akakisugua kwa nguvu, akakionyesha. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Masizi yanachafua mkono, Osea. Haya yamegoma. Na figa linaungua upande unaotazama moto. Hili limechafuka mashavu yote mawili, sawasawa, kama limebanwa." Akaligeuza. Karibu na shingo palikuwa na baka la rangi ya kijani. "Halafu niambie, kwenu Mbozi nani anapaka figa rangi?"

Osea alicheka peke yake, kisha akaacha.

Waliteremka barabarani. Ashraf alikuwa mtu wa maneno mengi siku za kawaida, lakini tangu Jumamosi maneno yalikuwa yamemwishia. Jenista alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, kwa kuwa mwenye kosa alikuwa ameshapatikana.

"Jiwe lilikupitia wapi wewe?"

"Juu ya helmeti, afande. Nililisikia. Vuuu! Halafu dada akalia mara moja tu."

"Lilitoka kushoto, mlimani?"

"Hapana. Mbele." Ashraf aliinua mkono kuonyesha, mkono ukashuka wenyewe. "Lakini mbele hakukuwa na mtu. Kulikuwa na lori tu."

Ripoti ya daktari ilisema vivyo hivyo kwa lugha yake: mfupa wa paji la uso umebonyea kwenda nyuma na chini. Jiwe la mlimani lingempiga kwenye panja la kushoto. Jenista aliisoma ripoti ile mara saba na kila mara alijiambia kwamba labda mwanamke aligeuza uso.

"Lori lilikuwa umbali gani?"

"Kutoka hapa mpaka ule mkaratusi."

Jenista akapima kwa hatua. Mita ishirini na tano.

"Mwendo?"

"Mimi nilikuwa sabini. Lori kama sitini hivi, linaanza kukimbia. Nilikuwa nawasha taa, napiga honi, nataka mzee atuone."

"Na gari linakwenda mbele," alisema Osea, "linarushaje jiwe nyuma? Hata mtoto wa darasa la pili anajua hilo."

Jenista alikuwa ameshaanza kulijua jibu, na kwa mara ya kwanza tangu aipokee kesi ile alitamani Osea awe ndiye aliyesema kweli.

*

Kituoni, mbele ya kaunta, palikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Kwenye benchi la kushoto alikaa Kabula, mama yake Venance, na kibuyu cha maziwa ambacho mwanawe alikuwa akikirudisha kila siku bila kukigusa. Kwenye benchi la kulia, kila asubuhi, alikaa Shaban. Alifika saa mbili, akauliza swali lile lile, mwuaji wa mke wangu ananyongwa lini, akajibiwa kwamba sheria ina taratibu zake, akakaa nusu saa akimtazama Kabula, akaondoka. Kabula hakuwa akikwepa macho yake. Alikuwa anaona Shaban ana haki ya kumtazama.

Mchana ule benchi la kulia lilikuwa tupu. Kabula aliinuka alipomwona mwanawe akirudishwa mahabusu.

"Mwanangu amesemaje huko, afande?"

"Amerusha mawe, mama. Bado tunaangalia."

"Muangalie vizuri. Yeye hawezi kusema uongo, hata akiwa mdogo alikuwa hawezi. Kama amesema ameua, ameua. Mimi nimekuja ale tu."

Mtu anayetetea mtu wake unaweza kubishana naye, lakini huyu alikuwa ameshakata tamaa yote, akabakiwa na maziwa.

Mkuu wa upelelezi alimsikiliza kwa simu, sekunde tatu na nukta saba na yote. "Hesabu nzuri," alisema. "Hakimu ataniuliza jambo moja tu: kama si la kijana, jiwe limetoka wapi? Niletee hilo kabla ya saa kumi na mbili leo. Usipolileta, kesho anakwenda."

Ilikuwa saa saba na robo.

*

Aziz, fundi wa matairi pale Mlowo, alikuja kutoka Kigoma kwa mwezi mmoja, na mwezi huo ulikuwa sasa una miaka kumi na tisa. Alikuwa amelala chini ya tela la watu. Alijivuta nje, akafuta mikono, akalitazama jiwe kwenye mfuko wa nailoni bila kuligusa.

"Hili limetoka kwenye pacha," alisema.

"Una hakika?"

"Mama, weusi huo ni mpira. Tairi mbili za nyuma zinakaa pamoja hivi, pacha. Jiwe limeingia katikati, limebanwa mashavu. Mimi nayatoa kwa mtaimbo kila wiki. Ila hili halikuokotwa njiani, hili liliwekwa."

"Liliwekwaje?"

"Foleni ya mzani wa malori inawakuta mlimani. Breki za mkono za malori haya hata mwenyewe haziamini. Dereva anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi. Sasa mjanja anatafuta lenye shingo, shingo inaingia kati ya pacha, jiwe haliponyoki. Ndiyo ujanja wao, na ndiyo ujinga wao. Gari la mbele linasogea, wa nyuma wanapiga honi, mtu anaruka kwenye usukani, jiwe kalisahau. Gari likirudi nyuma kidogo tu, matairi yanalimeza."

"Na rangi?"

"Alama. Jiwe zuri linaibwa. Foleni ya Tunduma mtu anakuibia hata jiwe, wallahi."

Ashraf, aliyekuwa amemleta Jenista kwa pikipiki, alikuwa anasikiliza mdomo wazi. "Lakini si gari linakwenda mbele, afande?"

"Weka stendi mbili," Jenista alisema.

Pikipiki ikasimamishwa, gurudumu la nyuma likawa linaelea. Jenista alichota tope kwenye karai la Aziz la kutafutia pancha, akalibandika kwenye tairi. "Zungusha polepole." Tope likazunguka limeganda palepale. "Ongeza. Ongeza tena." Tope likabanduka ghafla, likaruka juu, likapiga bati la kibanda.

"Kitu kinachozunguka kinataka kwenda zake moja kwa moja," alisema. Sauti ya darasani ilikuwa imemrudia, na hakuipenda. "Kinazunguka kwa sababu kimeshikwa. Kombeo linashika kwa kamba, matairi yanashika kwa kubana. Na mwendo ukiongezeka mara tatu, nguvu ya kulishika jiwe haitakiwi mara tatu, inatakiwa mara tisa. Lori likiwa kwenye ishirini, jiwe hili la kilo mbili linavuta kama kilo kumi na mbili na nusu. Pacha inaliweza hilo. Kwenye sitini linavuta kama kilo mia moja na kumi na tatu."

"Gunia la mahindi na zaidi," alisema Aziz.

"Ndiyo. Hapo linaponyoka. Na likiponyoka haliji nyuma, Osea alisema kweli. Tairi, pale linapogusa lami, haliendi mbele wala nyuma, na jiwe likitokea hapo linapanda tu. Lori linaliacha hapo hewani na kuendelea na safari."

Alikaa kwenye tairi bovu akafungua daftari. Alichora gurudumu, akachora mshale, akaandika. Jiwe linapanda mita tatu na nusu. Linasimama. Linaanza kushuka. Sekunde moja na nusu baada ya kutoka, liko kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Katika sekunde hiyo moja na nusu pikipiki iliyokuwa mita ishirini na tano nyuma, kwa mwendo wa sabini, imeshafika hapo. Alimwambia Ashraf apande pikipiki ainame kama alivyokuwa ameinama, kisha mke wa Aziz, aliyekuwa akichungulia kibandani, apande nyuma yake, akapima kwa futi ya fundi. Helmeti ya Ashraf, mita moja na sentimita arobaini na tano. Paji la uso la abiria, mita moja na sentimita hamsini na tano.

Aliipitia hesabu mara ya pili akitafuta kosa. Alilitafuta kwa moyo wote, kama mwanafunzi aliyeambiwa amefeli. Hakuliona.

"Jiwe halikumfuata," alisema. "Lilikuwa linaanguka tu. Yeye ndiye aliyelifuata."

Aziz alikuwa hajui mengi ya kesi ile. "Lori lenyewe la nani?"

Ashraf alishuka kwenye pikipiki. Alikaa chini, kwenye mafuta na vumbi, akaweka helmeti mapajani.

"La mumewe," alisema.

Aziz alisema innalillahi, akaingia kibandani, akawa anapanga spana zilizokuwa zimeshapangwa.

*

Kabla ya kuondoka Mlowo Jenista alimpigia Osea. Alimwambia amwambie Venance kwamba jiwe lake lilianguka kwenye nyasi. Osea akasema atamwambia. Baada ya robo saa alipiga yeye.

"Nimemwambia. Aliniuliza mara nne kama nina hakika."

"Amekunywa maziwa?"

"Amelia kwanza. Sasa anakunywa. Mama yake anasema wabeja, anakushukuru. Anasema Mungu akupe furaha, afande."

Jenista alikata simu. Ile furaha aliyoombewa haikumpata. Kwa kumtoa mtu mmoja shimoni alikuwa anakwenda kumtia mwingine, na huyu wa pili hakuwa na mama wa kukaa kwenye benchi. Na hakukuwa na namna. Mkuu alitaka kujua jiwe limetoka wapi, na jiwe lilikuwa na mwenyewe.

Nyumba ya Shaban ilikuwa nyuma ya soko la Tunduma, vyumba vitatu vya tofali za kuchoma. Jenista alifika uani akasimama. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani.

Shaban alimkaribisha yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi chache na mwili uliopungua haraka, mzaliwa wa Tanga. Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, kubaki mkeka na buli. Kutoka chumba cha ndani zilisikika sauti za watoto.

"Karibu, afande. Kesho nitafika mahakamani mapema. Nataka kumwona usoni akisomewa."

"Nina maswali machache kwanza, baba. Ya kukamilisha jalada." Alifungua daftari ukurasa mweupe. "Jumamosi, kabla ya mzani, ulikaa kwenye foleni?"

"Dakika arobaini. Mlimani kabisa."

"Gari unalizuia kwa kitu gani ukisimama mlimani?"

"Kwa jiwe." Kwa mara ya kwanza Jenista aliuona uso wake ukilegea. "Nina jiwe langu, la miaka sita sasa. Lina shingo, halitelezi. Marehemu alikuwa ananitania, anasema nina wake wawili, yeye na jiwe. Tulipopaka mlango huu rangi ikabaki, akalipaka na jiwe. Anasema sasa akilikuta njiani atajua ni la mumewe."

Kalamu ya Jenista ilisimama. "Liko wapi?"

"Limeibiwa. Nilifika Makambako, nataka kuzuia gari, silioni. Nazunguka tela zima nalitafuta. Niko kwenye kulitafuta ndipo nikachaji simu, ndipo wakanipigia." Akamgeukia Jenista. "Wewe unauliza jiwe la nini, afande?"

Sheria ya utambuzi ilitaka shahidi akieleze kitu kabla ya kuonyeshwa. Shaban alikuwa ameshakieleza. Jenista alifungua mfuko, akaliweka jiwe juu ya mkeka, upande wa rangi juu.

"Ndilo hili!" Shaban aliinama kwa furaha kabisa, mkono umeshanyooka. "Mmelikamata kwa nani?"

Mkono haukufika. Alikuwa ameiona karatasi ya kielelezo, jina la mkewe juu yake, na doa la kahawia chini ya shingo ya jiwe. Alitazama mashavu mawili meusi. Hakuna haja ya kumweleza dereva ule ulikuwa weusi gani. Jenista aliyaona macho yake yakienda kwenye jiwe, kisha mlangoni, kisha yakarudi kwenye jiwe, na akajua kwamba hesabu iliyomchukua yeye siku nne, mtu huyu ameimaliza kwa pumzi moja.

"Nilisahau kulitoa," alisema Shaban.

"Walikuwa wanapiga honi nyuma yako."

"Walipiga, ndiyo. Nikaruka juu." Alijishika magoti. "Yule kijana mwachieni. Mwachieni leo, asilale huko tena."

"Ameshaambiwa."

Shaban alitikisa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Kwenye kioo. Niliona pikipiki, watu wawili, wananiwashia taa. Kwenye mteremko ule kuna vijana wanadandia tela na kukata kamba, wanaiba mzigo. Nikadhani ni wao. Nikakanyaga mafuta."

Jenista alitazama daftari lake. Kurasa tatu nyuma kulikuwa na hesabu yote, ishirini na sitini, kumi na mbili na nusu na mia moja na kumi na tatu. Alilifunga.

"Afande. Kama nisingeongeza mwendo, lingetoka?"

Miaka miwili alisimama mbele ya ubao akiwaambia watoto wa Igamba kwamba namba hazimwonei mtu huruma, na wao wasizionee.

"Lingetoka tu," alisema.

Shaban alimtazama kwa upole, kama mtu aliyepewa zawadi isiyomfaa na hataki kumwudhi mwenye kutoa. "Nina miaka ishirini na miwili barabarani, mama. Jiwe halitoki mpaka ukimbize gari."

Mtoto aliita kutoka ndani, akasema wana njaa. Shaban aliinuka kwa kushika ukuta.

"Naomba niwape watoto chakula kwanza. Halafu twende."

Jenista alitaka kumwambia hakuja kumkamata, kwamba ni maelezo tu, kwamba sheria inaijua ajali. Alibaki mkekani, jiwe mbele yake, akisikia masufuria yakifunuliwa na kufunikwa, kabati likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa tena. Kisha akamsikia Shaban akiwauliza watoto wake mama yao alikuwa anaweka wapi chumvi.